Usiku Barua Ilipokataa Kuungua

Mdogo wangu hakujua kwamba mimi nilikuwa naenda kuutazama mchezo ule kwa mara ya saba. Nilimwambia tu ni mchezo mzuri, twende. Ningemwambia ukweli angeanza kunicheka tangu mlangoni, na sikuwa na jibu la kumpa: mtu mzima, mwenye shughuli zake, anakata tiketi tena na tena ili awasikilize watu wale wale wakisema maneno yale yale.

Kisa chenyewe hakikuwa na maajabu. Mjane anakuta barua ya marehemu mumewe inayosema nyumba wanayoishi ni ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Katika sehemu ya pili, usiku, anakaa na ile barua mkononi kwa muda mrefu, kisha anawasha kiberiti na kuichomea kwenye sahani ya bati. Mwanawe anaingia, ananusa moshi, anauliza, "Unachoma nini, mama?" Naye anajibu bila kugeuka, "Baridi, mwanangu."

Jibu hilo ndilo lililokuwa likinirudisha. Mara ya kwanza nilipolisikia lilikuwa kama mzaha wa mtu aliyefumaniwa. Mara ya tatu lilitoka kwa uchovu, kama vile mama yule angekubali kusema kweli endapo mwanawe angeuliza tena. Kuna usiku alinyamaza kabla ya kujibu hadi nikahesabu saba moyoni, na mtu wa safu ya mbele akakohoa kwa kushindwa kuvumilia. Maneno hayakubadilika hata herufi moja.

Nikaanza kuhama viti. Ukikaa nyuma unaliona jukwaa zima kama picha; ukikaa mbele unaona jasho na rangi ya usoni inavyochuruzika. Mara ya nne nilikaa pembeni kabisa, upande wa kushoto, kiti ambacho hakuna anayekitaka, nikagundua kwamba kutoka pale naona nyuma ya pazia. Alikuwepo kijana amesimama na ndoo ya mchanga na blanketi lililoloweshwa, macho yake yote kwenye ile sahani. Wakati ukumbi mzima unamlilia mjane, yeye alikuwa analinda karatasi moja isituunguze. Nilicheka kidogo. Baadaye nilisoma habari za Iroquois Theatre ya Chicago, mwaka 1903, ambapo taa ya jukwaani iliwasha pazia katikati ya onyesho, na pazia la kuzuia moto likakwama lilipokuwa linateremshwa. Walikufa watu zaidi ya 600. Tangu hapo nikawa natulia pale tu ninapokuwa na hakika kwamba wa ndoo yupo.

Wapo walionizidi kwa ugonjwa huu. London kuna mchezo wa Agatha Christie, mwandishi wa visa vya upelelezi, uitwao The Mousetrap, ulioanza kuonyeshwa mwaka 1952 na haujakoma, ukiondoa miezi ambayo korona ilifunga kumbi. Kila onyesho likiisha watazamaji huombwa wasiende kumtaja muuaji. Lakini anayerudi mara ya pili anamjua muuaji tangu pazia linapofunguliwa, na bado anarudi. Huyo ningependa kukaa naye siku moja nimuulize anafuata nini.

Basi usiku ule wa saba tukaketi katikati, mimi na mdogo wangu. Sehemu ya kwanza ilipita salama. Ikafika saa ya kiberiti.

Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili iliwaka, ikazimika kabla haijaifikia barua. Ya tatu ilitoa cheche moja na harufu, basi. Sijui kama kasha liliingia unyevu au ni njiti mbovu tu. Nilichojua ni kwamba baada ya muda mfupi mlango utafunguliwa na mwana atanusa moshi ambao haupo.

Ukumbi ulikuwa kimya kuliko nilivyowahi kuusikia. Nikamtazama mdogo wangu: ameinama mbele, mikono ameishikilia magotini, hapepesi. Alidhani mjane anasita. Wote walidhani hivyo, na kwa kweli ilifanana na kusita hasa, kama vile mkono unakataa kutenda kile ambacho moyo umekwisha kuamua. Mimi viganja vilikuwa vimelowa. Nadhani katika ukumbi mzima, ukimtoa kijana wa ndoo na wenzake, mimi ndiye niliyejua kwamba mambo yameharibika.

Mama yule akaliweka kasha chini taratibu. Akaitazama barua. Akaikunja, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka ikawa ndogo kama kidole gumba. Akaitia kifuani. Mlango ukafunguka.

Mwana akasimama kizingitini. Niliyaona macho yake yakienda kwenye sahani, yakaikuta tupu, yakapanda kwa mama.

"Una…" akaanza.

Akakwama. Mwenzangu, ile "una" niliisikia mpaka tumboni, maana inaweza kwenda popote.

"Unaficha nini, mama?"

Mama hakugeuka. "Uzee, mwanangu."

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Mwaka 1913 mwigizaji Mmarekani William Gillette alitoa mhadhara kuhusu lililo gumu katika kazi yao: kusema jambo ulilokwisha kulisema mara mia kana kwamba ndiyo kwanza linakujia. Usiku ule hapakuwa na kana kwamba.

Bado palikuwa na mwisho. Kwa kawaida mjane hufungua ngumi, majivu yakamwagika, taa zikazimwa. Majivu yangetoka wapi? Nikaingoja ile ngumi kama anayengoja matokeo ya mtihani. Haikufunguliwa. Aliupandisha mkono, akauweka kifuani pale ilipolala barua, akabaki hivyo mpaka giza likaingia. Walipotoka kuinama, yule mwana aliubana mkono wa mama yake wa mchezoni, na wote wawili walikuwa wanajizuia kucheka. Mdogo wangu alisimama kupiga makofi. Mimi nilishindwa, magoti hayakuwa na nguvu.

Njiani nikaungama.

"Mara ya saba?" akashangaa. "Na kila mara viberiti vinamkatalia hivyo?"

"Havijawahi kumkatalia."

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyelala mchezoni akakosa sehemu muhimu.

Kesho yake nilirudi peke yangu, nione kama wataiacha barua ikunjwe. Njiti ya kwanza ikawaka. Barua ikaungua, moshi, "Baridi, mwanangu," majivu, giza. Kila kitu mahali pake, isipokuwa mezani palikuwa na makasha mawili ya kiberiti.

Miaka imepita. Habari za mchezo ule zikizuka, mdogo wangu huwasimulia watu kisa cha mjane aliyeificha barua kifuani. Mimi humkatiza: aliichoma, nimeiona kwa macho yangu ikiungua mara saba.

"Dada," hunijibu, "mimi nilikuwepo."