"Si ni herufi tu, fundi?" Siku yangu kwenye karakana ya kusubu, Kariobangi, Nairobi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nafungua karakana, nafagia, nanyunyizia maji mchanga wa kusubu, ule tunaomiminia alumini iliyoyeyuka ili ishike umbo. Mchanga wetu una udongo wa mfinyanzi, na unyevu wake tunaupima kwa ngumi: ukiufinya kisha ukakatika vipande viwili safi, uko tayari. Ukizidi maji, alumini ya moto ikiugusa maji yanageuka mvuke, na ngao, yaani kibao cha tuzo, inatoka na matundu. Hapo umepona, maana kuna mafundi ambao alumini iliwarukia usoni.

Leo ni ngao 20 za msafara wa pikipiki wa hisani, Nairobi hadi Naivasha na kurudi, wa kuchangia makao ya watoto.

Saa moja na nusu. Mzee wa skrapu ameleta gunia. Nachagua pistoni na mifuniko ya injini za bodaboda. Zina silikoni, kwa hiyo zikiyeyuka zinatiririka hadi kwenye kona za herufi. Fremu za madirisha na mikebe ya soda sizitaki kwa kazi ya maandishi. Tangu serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa mwaka wa 2022, kwa sababu ya uharibifu wa nguzo za umeme, sinunui kwa mtu nisiyemjua.

Saa tatu jiko linanguruma, oili chafu na feni.

Saa nne kasoro, simu. Mwanakamati wa msafara. "Fundi, tumepata mdhamini mwingine. Ongeza jina lake na tovuti yake hapo chini." Namkumbusha kwamba kiolezo, yaani umbo la ngao tunalolikandamiza mchangani, alikipitisha mwenyewe Jumatatu. "Kwani shida iko wapi? Si ni herufi tu?"

Herufi tu! Kila herufi kwenye kiolezo nimeipiga msasa kingo zake ziwe na mteremko, ili kiolezo kikinyanyuliwa kisiung'oe mchanga. Tumbo la A na la R ndilo linalotesa kuliko yote. Na hiyo tovuti ameituma kwa maandishi madogo kuliko punje za mtama, mchanga hauyashiki. Nikamwambia jina litaingia, tovuti haitaingia. Akakata. Akapiga tena. Akatuma nembo yenye jani, na jani lina mishipa. Akatuma ujumbe wa sauti mrefu kama wa mahubiri, kisha akampa simu mwenyekiti, tukaanza upya. Muda wote huo jiko linakula oili, na vijana wawili ninaowalipa kwa siku wamekalia fremu za mchanga wananitazama.

Halafu likaja lile nililokuwa nalingoja: "Lakini fundi, hii ni ya hisani. Tupunguzie."

Watoto wale nawatakia heri, na waendeshaji nawaheshimu. Ila sijasikia kituo cha mafuta kikiombwa kipunguze, wala hoteli watakayokula nyama. Nikakataa. Nembo nayo nikaikataa. Jina nikalibandika kwenye kiolezo, nikangoja gundi ikauke.

Kumimina kukaanza saa nane badala ya saa tano. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini kipimajoto hatuna: natumbukiza nondo, ikitoka bila kugandiwa, iko tayari. Chumvi kidogo, tunaengua uchafu, tunamimina bila kusita. Ngao ni nyembamba. Ukisita, chuma kinaganda njiani na jina la mtu linakatika. Mbili zilikatika hivyo, zikarudi chunguni.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Msumeno, tupa, grainda, msasa, rangi nyeusi, msasa tena hadi herufi zing'ae juu ya weusi. Vumbi la alumini linaingia puani, mgongo unakataa kunyooka, chai imepoa zamani. Ila ukiigeuza ngao kwenye mwanga na kila herufi ikasimama kali, unaona raha hata kama hakuna anayekuangalia.

Mwanakamati alifika giza limeingia. Akapitisha kidole juu ya maandishi, akauliza mashine iko wapi. Nikamwonyesha rundo la mchanga. Akacheka, akidhani namtania. Akalipa sehemu; salio "kesho, hakika".

Nikamfungia 19 kwenye magazeti. Ya 20, ya mdhamini mkuu, iko chini ya meza yangu. Salio likiingia kwa M-Pesa, atume bodaboda aje kuichukua.