Usiku Mmoja Changi, Kati ya London na Melbourne

Rubani alitangaza mara tatu kwamba mafundi wanashughulikia hitilafu kwenye mfumo wa haidroliki, na mara zote tatu alisema dakika arobaini. Tulikuwa tumeshafunga mikanda. Dirishani nilimwona fundi mmoja mwenye fulana ya njano akipanda ngazi, akishuka, akipanda tena na tochi mdomoni. Mpaka ndege inaanza kusogea kuelekea njia ya kurukia, masaa matatu na dakika ishirini yalikuwa yamekwisha, na mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu kimoyomoyo. Singapore nilikuwa na masaa mawili na nusu tu ya kuunganisha ndege ya Melbourne.

Hiyo ilikuwa safari yangu ya nne kwenye njia hiyo ndani ya mwaka mmoja. London hadi Singapore ni takriban kilomita 10,900, kisha kuna nyingine kama 6,000 mpaka Melbourne. Kazi ndiyo inayonipeleka. Kwa miaka saba nimekuwa nikipanda shirika moja kwa makusudi, hata pale nilipoona tiketi ya bei nafuu kwingine, kwa sababu ya kadi ya dhahabu, ile ambayo shirika humpa msafiri anayeruka nalo mara nyingi. Silitaji jina, maana ninayoyasimulia hapa yangeweza kutokea kwenye shirika lolote kubwa.

Kadi hiyo si kitu kidogo kwa mtu anayeishi kwenye viti vya ndege. Inanipa kaunta yangu ya kukabidhi mizigo, begi la ziada bila malipo, na ruhusa ya kuingia ukumbi wa mapumziko hata nikiwa na tiketi ya daraja la kawaida. Ukishatua saa kumi na moja alfajiri, shati limekushika mgongoni, bafu lenye maji ya moto ni jambo kubwa kweli. Inanipa pia namba ya simu ambayo wengine hawana. Kwa kuwa mashirika mengi yamo katika miungano, ama Star Alliance iliyoanzishwa 1997, ama oneworld ya 1999, ama SkyTeam ya 2000, daraja unalolipata kwenye shirika moja linaheshimiwa na wenzake.

Tulipokuwa juu ya mawingu sikulala. Nilifungua kumbukumbu zangu za maili, yaani pointi ambazo shirika humpa abiria kwa safari zake ili baadaye azibadilishe kwa tiketi, nikaanza kujiuliza nimekuwa nikikusanya nini hasa.

Mpango mkubwa ulioifungulia njia biashara hii ya kuwazawadia maili abiria waaminifu ulianza Mei 1981, American Airlines walipozindua AAdvantage, na United wakafuata siku chache tu baadaye. Wazo lilikuwa jepesi: hesabu umbali aliosafiri abiria, akifika kiwango fulani mpe kiti. Maili ilikuwa maili kweli. Aliyekwenda mbali alipata nyingi, awe alinunua tiketi ya bei ya juu au ya chini. Dunia hiyo imekwisha sehemu kubwa. Mwaka 2015 Delta na United waliacha kutoa maili za zawadi kwa umbali, wakaanza kuzitoa kwa pesa iliyolipwa. American nao wakafuata 2016, na mashirika mengine mengi yakashika njia hiyohiyo. Hata kwenye mipango ambayo bado inahesabu umbali, kuna ile herufi moja ndogo kwenye tiketi, Y, M, Q, T na kadhalika, inayosema umenunua nauli ya aina gani. Watu wawili wanaweza kukaa bega kwa bega, mmoja akapata maili zote za safari na mwenzake akapata robo, au asipate hata moja. Kabla ya kulipa mimi huitafuta herufi hiyo kwanza, ndipo nitazame namba ya kiti.

Kuna jambo jingine ambalo msafiri anapaswa kulijua. Maili zimekuwa bidhaa. Mashirika yanaziuza kwa benki, na benki zinawapa wateja wanaotumia kadi za mkopo. Ndege zilipokaa chini 2020 kwa sababu ya korona, Delta waliweka rehani mpango wao wa SkyMiles wakapata dola bilioni 9. Mwaka uliofuata American wakaweka AAdvantage rehani, wakapata bilioni 10. Ndege zimeegeshwa, abiria hawapo, lakini mpango wa uaminifu ulikuwa bado na thamani ya kuwatoa wakopeshaji mabilioni hayo. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilielewa kwa nini barua za kunishawishi nichukue kadi ya benki hunifikia haraka, na majibu ya malalamiko yangu huchukua wiki.

Tuligusa ardhi ya Changi, uwanja wa ndege wa Singapore, dakika ishirini baada ya ndege ya Melbourne kuondoka. Simu yangu ilipopata mtandao, programu ya shirika ilikuwa imeshanipangia safari mpya: jioni ya kesho yake, kiti cha katikati, safu ya mwisho karibu na choo.

Nikapiga ile namba yetu sisi wenye dhahabu. Ilipokelewa upesi, sauti ya upole, jina langu likatajwa vizuri. Nikaeleza. Nikasikia vibonye vya kompyuta, halafu kimya, halafu akaniambia kwamba tiketi yangu iko mikononi mwa uwanja wa ndege na yeye hawezi kuigusa. Alikuwa anasema kweli. Safari ikishaanza, mara nyingi tiketi inakuwa chini ya wahudumu wa uwanjani, na aliye kituo cha simu anaiona tu kwenye kioo. Aliniomba radhi mara nne. Sikumlaumu, lakini nilielewa kwamba upole wake wote hauna ufunguo wa mlango niliosimama mbele yake.

Kwenye kaunta ya wanaounganisha ndege kulikuwa na watu kama sitini. Foleni ilikata kona mara mbili juu ya zulia. Pembeni kulikuwa na kibao kidogo chenye jina la daraja langu, na chini yake hakukuwa na mtu. Wa kwanza kwenye foleni ndefu alikuwa mama mmoja na binti yake wa miaka minne hivi, amelala juu ya begi la magurudumu, kiatu kimoja kimevuka. Walikuwa safu mbili nyuma yangu kwenye ndege. Mhudumu aliinua macho, akaiona kadi yangu, akaniita mimi. Nilipita mbele yao. Huyo mama hakusema neno, aliangalia tu kiatu cha mwanawe.

Dada wa kaunta alikuwa mtu anayeijua kazi yake. Hakuniambia pole nyingi. Aliichukua pasi yangu ya kupandia ndege, akaandika zile herufi sita za kumbukumbu ya safari, akauliza: "Melbourne ndiyo mwisho, au unaendelea?" Nikamwambia ndiyo mwisho. "Zote ziko kwenye tiketi moja?" Ndiyo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Niliona baadaye kwa nini aliuliza: jamaa mmoja wa kaunta ya pili alikuwa amenunua London hadi Singapore peke yake, na Melbourne peke yake kwa shirika jingine. Kwa tiketi mbili, shirika lililomchelewesha lilihesabu kwamba limeshamfikisha alikotaka, na hiyo ya pili ikawa juu yake. Alilazimika kununua upya usiku uleule.

Dada alitafuta ndege ya shirika mshirika iliyokuwa inaondoka baada ya saa sita usiku. Viti vinne. Akainua simu, akazungumza kwa sekunde chache, akakata. Akanieleza kwamba kumhamishia abiria shirika jingine kunahitaji ruhusa ya msimamizi, na zamu yake ndiyo yenye ruhusa hiyo, zamu inayofuata haitakuwa nayo. Kisha akashughulikia begi langu, na hapa ndipo nilipomwamini kabisa. Alichomoa ile karatasi ya namba ya mzigo iliyobandikwa nyuma ya pasi, akaipigia mstari wa kalamu chini ya tarakimu sita za mwisho, akampigia mtu wa mizigo na kumsomea moja moja, kisha akamtaka amrudishie. Alipohakikisha zimelingana ndipo akachapisha pasi mpya.

Nilimuuliza kuhusu yule mama na mtoto. Alinijibu kwa sauti ya chini: maelekezo ni kumaliza wenye dhahabu kwanza. Nyuma yangu, chini ya kile kibao, walikuwa wameshafika wanaume watatu wenye kadi kama yangu. Viti vinne, kadi nne. Hesabu ilifungwa hapo.

Niliporudi kwa yule mama alikuwa ameshaambiwa aondoke na ndege ya kesho jioni, na akapewa namba ya simu ya huduma kwa wateja. Ilikuwa ile ya kawaida, yenye muziki. Hakuna aliyemwambia kuhusu hoteli. Nikamwambia arudi kaunta aulize hoteli na chakula bila woga, kwa sababu safari imeanzia London na sheria ya Uingereza inamlinda. Sheria hiyo imetokana na kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya 2004, na Waingereza waliibakiza baada ya kujitoa. Inalihusu shirika lolote linaloruka kutoka Uingereza. Inataka abiria aliyekwama alishwe, alazwe, na aelezwe haki zake. Akarudi. Baada ya robo saa nikamwona ameshika vocha mbili, mtoto amemwegemea begani. Tukabadilishana anwani za barua pepe, kisha nikakimbilia lango langu.

Nilifika Melbourne zaidi ya masaa matano baada ya muda wa awali. Begi langu lilikuwa la tatu kutoka kwenye mkanda.

Siku ya nne ilikuja barua kutoka kwa shirika. Iliniita mwanachama wetu mpendwa, ikanipa maili 15,000 kwa usumbufu. Nilimwandikia yule mama kumuuliza amepata nini. Alikuwa amepata barua ya kuomba radhi.

Hapo nilikaa chini nikaandika madai matatu: langu, lake na la mtoto wake. Kwa safari inayozidi kilomita 3,500, abiria akifika mwisho wa safari amechelewa zaidi ya masaa manne, fidia ni pauni 520 kwa kila mtu, na inalipwa kwa pesa. Kulipwa kwa vocha au kitu kingine kunahitaji abiria mwenyewe akubali kwa saini. Maili nilizopewa hazikufuta deni hilo. Wala haijalishi kwamba ndege iliyotuponyoka ilikuwa Singapore: mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kwamba kinachotazamwa ni muda wa kufika mwisho wa safari, hata kama umeunganisha ndege nje ya Ulaya na shirika si la Ulaya.

Jibu la kwanza lilisema hitilafu ya kiufundi ni jambo lililo nje ya uwezo wao. Nilikuwa nalisubiri. Mahakama ya Ulaya ilishaikataa hoja hiyo 2008 kwa hitilafu za kawaida za ndege, na Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikalisema tena 2014. Nikaandika mistari sita tu, nikataja miaka hiyo miwili, namba ya tiketi yenye tarakimu 13, na muda tuliofika.

Wakati huohuo nilikuwa na shauri jingine dogo. Ile safari ya shirika mshirika haikuniingizia maili hata moja, kwa sababu tiketi ya dharura ilitolewa kwa herufi isiyohesabiwa. Wasafiri wengi hapa huachia. Ukweli ni kwamba ukihamishwa bila hiari yako unaweza kuomba uhesabiwe kama ulivyokuwa umenunua mwanzo. Nilituma picha ya pasi zote mbili, ya zamani na mpya, ndiyo sababu huwa situpi pasi mpaka maili ziingie. Nilikataliwa mara mbili kwa barua zinazofanana neno kwa neno. Mara ya tatu ilijibiwa na mtu aliyeweka jina lake, aliyeandika kwamba amelinganisha tarehe na ameona kosa liko kwao. Maili zikaingia siku ileile. Nilimwandikia kumshukuru, na nikaandika barua ya pili kwa shirika kumsifu yule dada wa Changi, nikitaja kaunta na muda, ili wajue ni nani aliyewaokolea abiria wanne usiku ule.

Wiki ya saba pauni zangu zilifika. Jioni yake nilipata ujumbe kutoka kwa yule mama, picha ya taarifa ya benki bila maelezo marefu. Mistari miwili, kila mmoja pauni 520. Wa pili ulikuwa umeandikwa jina la binti yake.