"Nilichoka": neno moja ndani ya PV (hati ya mahojiano)

Hapa Kongo (RDC), mama aliyepigwa na mume miaka na miaka, siku akimjeruhi au kumuua, kesi yake mara nyingi huharibika mapema sana, mbele ya OPJ, yaani afisa wa upelelezi. Anaulizwa kwa Kiswahili, PV inaandikwa kwa Kifaransa. Anasema "nilichoka". Karatasini inatoka "j'en avais assez", yaani "nilikuwa nimechoshwa naye". Yeye alitaka kusema mwili na roho vimeishiwa nguvu. Parke, ofisi ya waendesha mashtaka, inasoma hasira iliyopangwa. Kinachotenganisha meurtre (kuua kwa kukusudia) na assassinat (kuua kwa kupanga) ni kupanga kabla, na kifungu cha 45 cha sheria ya adhabu kinaweka kifo kwa assassinat. Basi PV isomwe tena kwa Kiswahili, neno kwa neno, kabla mama hajatia sahihi au kidole. Katiba, kifungu cha 19, inamruhusu kuwa na avoka (wakili) tangu hapo.

Ripoti ya mwanasaikolojia yenye mistari mitatu, "ana kiwewe", haisaidii kitu. Iseme dalili zipi, zilianza lini, zinaungana vipi na usiku ule. Tuseme mume alikuwa na kawaida ya kufunga mlango kwa ufunguo na kuongeza sauti ya redio kabla ya kupiga. Ripoti ieleze kwamba ufunguo ulipozunguka, mama alijua kinachokuja, hata kama ngumi haijainuliwa. Bila hilo utetezi wa kujilinda hausimami, maana jaji anatafuta hatari iliyopo au inayokaribia, na jibu linalolingana nayo. Ieleze pia kwa nini anachanganya tarehe na kusimulia bila machozi. Asiyejua kiwewe huona hapo uongo na moyo mgumu.

"Kwa nini hakuondoka?" Swali hili huulizwa kila mara. Mwaka 1990, katika kesi ya Lavallee, Mahakama ya Juu ya Kanada ilikubali ushahidi wa daktari wa akili kwa sababu hiyo hasa: mtu wa kawaida hawezi kulijibu kwa kubahatisha. Uamuzi huo haumfungi jaji wa Bukavu, lakini hoja yake inafaa. Na huku kwetu kuna mahari: anayekimbilia kwa wazazi hurudishwa. Mtafuteni aliyemrudisha aje aseme. Tafuteni fishi (kadi za matibabu) za kituo cha afya zenye tarehe, majirani, shefu wa avenyu (kiongozi wa mtaa) aliyepokea malalamiko.

Kujilinda kukikataliwa, ripoti ileile itumike kuomba kupunguziwa adhabu chini ya kifungu cha 18 cha sheria hiyo ya adhabu, ambacho kinamruhusu jaji kushuka hata kutoka adhabu ya kifo. Muda wa kukata rufaa ni siku 10. Iandikisheni hata kama mwanasaikolojia hajamaliza.