Tetea Aliyeingia Uani

Kufuga kuku wa kienyeji katika ua mdogo wa Dar es Salaam ni kupambana na kunguru kabla ya kupambana na maradhi, kwa sababu ndege hao hunyakua vifaranga mchana kweupe, hata mama yao akiwa karibu. Hata hivyo, kinachonitatiza zaidi ni kuku wa kupotea. Juzijuzi aliingia tetea mwekundu, mguuni amefungwa kitambaa cha buluu, na hakuna jirani aliyemdai, ingawa nilimwarifu balozi wa nyumba kumi. Nilimtenga chini ya tenga kwa wiki mbili, kwani mdondo, ambao wengine huuita kideri, huweza kufyeka banda zima na hauna tiba. Kinga yake ni chanjo ya tone moja jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi 3. Chini ya mabawa yake nilikuta utitiri tele, nikamnyunyizia majivu. (Watoto walikwishampa jina, jambo linalovuruga mipango yoyote ya supu.) Sasa amechanganywa na wenzake, lakini matetea wakongwe humfukuza kwenye pumba, hivyo mimi humwekea chakula chake pembeni.