Kidole chake mwenyewe

Jamani, ndiyo kwanza nimeingia ndani, hata sweta sijavua, lakini hili siwezi kulala nalo.

Mwanangu ana miaka 4, ana usonji. Hajaanza kuongea. Akitaka kitu hunikamata mkono, anauvuta mpaka kwenye kitu chenyewe, kama vile mkono wangu ni wake. Usoni haniangalii.

Kila Jumanne tunatoka Uyole na baridi yote ile, daladala mpaka Mbeya mjini, kwa dada anayemfanyisha mazoezi. Ukiona utadhani ni mchezo tu. Anashika puto, halipulizi. Anangoja. Mtoto akitoa ishara yoyote, hata jicho, ndipo analipuliza. Nyumbani nami nafanya hivyo kwa kikombe cha uji. Kungoja kunauma, jamani, mtoto wako anataka na wewe umeshika.

Leo wakati wa kurudi tukashuka Mwanjelwa ninunue parachichi. Alikuwa ameshika mkono wangu. Nikajua sasa atauvuta.

Akauachia.

Akanyoosha kidole, chake mwenyewe, kwenye ndizi mbivu. Kisha akageuka akaniangalia machoni.

Akaangalia ndizi. Akaniangalia tena.

Nimelia pale pale sokoni. Mama muuzaji akampa ndizi, hela akakataa. Nilichoweza kutamka ni "ndaga fijo" tu, asante sana kwa Kinyakyusa.

Amelala sasa, nimekishika hicho kidole.

Wenzangu wenye watoto wa usonji, wa kwenu walianza kuonyesha wakiwa na umri gani? Na baada ya kidole kilifuata nini? Niambieni.