Ugoko haukomazwi kwa chupa

Siku hizi begi ndilo linalonichukulia muda mwingi mazoezini. Nalipiga mateke ya Kithai (Muay Thai, ndondi za Thailand zinazoruhusu mateke) kwa ugoko, kulia na kushoto, nguvu ya wastani, mpaka ngozi ipate moto. Ni kazi ya kuchosha na haina wa kuishangilia. Lakini miezi ikipita, pigo ambalo zamani lingeniacha nikichechemea halinisumbui tena.

Wiki hii kijana mgeni kaniuliza chupa gani inafaa kusugulia ugoko ili ukomae. Kumbe ameshaanza, anabingirisha chupa ya soda juu chini kila usiku kabla ya kulala. Mguu una manundu, damu imevilia chini ya ngozi. Roho iliniuma. Mbele ya ugoko hakuna nyama. Ukitoka kwenye ngozi unakutana na utando mwembamba wenye mishipa ya fahamu, kisha mfupa. Chupa inauchokoza utando huo bure. Mfupa wenyewe unataka mzigo. Daktari Mjerumani Julius Wolff alieleza mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kufuatana na uzito unaoubeba. Mbio za asubuhi, kuruka kamba na begi vinatosha, mradi upate siku za kupumzika.

Kijana akanitajia Buakaw, mpiganaji wa Thailand aliyekuwa bingwa wa mashindano ya ngumi na mateke ya K-1 World MAX mwaka 2004 na 2006, anayeonekana kwenye video akiangusha mgomba kwa mateke. Jamani, mgomba si tunaujua! Shina lake ni maganda ya majani yaliyokumbatiana, yamejaa maji. Buakaw hakukomazwa na mgomba. Alikwenda pale akiwa amekomaa tayari.

Na hata waliokomaa huvunjika. Tarehe 28 Desemba 2013, Las Vegas, katika pambano la UFC (mapigano mchanganyiko), Anderson Silva alirusha teke la chini, mpinzani wake Chris Weidman akainua mguu kulikinga, na ugoko wa Silva ukavunjika. Aprili 2021 Weidman naye akarusha teke kama lile kwa mpinzani wake Uriah Hall, likakingwa, mguu wake ukavunjika vilevile. Kila nikikumbuka hayo mwili unanisisimka.

Kwa hiyo jioni namalizia na mazoezi ya wawili. Mwenzangu anarusha teke polepole, nami nalipokea juu, karibu na goti, ambako muundi, yaani mfupa wa ugoko, ni mnene. Kisha tunabadilishana. Kijana nimemwambia uvimbe ukipungua aje tufanye naye.