Siku moja na zidaka za Lamu

Saa 12:15 asubuhi. Begi mgongoni, stendi ya kamera begani: leo napiga picha zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Vichochoro vya Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, ni vyembamba. Wakija punda wawili wamebeba mchanga, mimi ndiye ninayerudi nyuma. Punda hajui bei ya lenzi.

Saa 1. Hodi. Nyumba ni ya karne ya 18, mawe ya matumbawe na chokaa. Bibi mwenye nyumba ananikalisha dakani, kibaraza cha mlangoni, na kamera haitoki kwenye begi mpaka chai iishe.

Saa 2. Hii ndiyo saa yangu. Jua halijashuka kiwandani, yaani uani katikati ya nyumba, kwa hiyo mwanga unaofika msana wa tini, chumba cha kwanza kinachotazama ua, umepoa. Likishuka tu, sakafu ya nje itawaka na vyumba vitabaki giza, na kamera haishiki vyote viwili. Vyumba vyenyewe ni virefu, ila upana haufiki mita 3: dari imelala juu ya boriti za mikoko, na boriti ndefu kupita hapo ni shida kupata. Ukipiga kwa lenzi pana mno, chumba kinageuka ukumbi wa harusi. Uongo mtupu. Natumia lenzi ya milimita 24, pana kiasi, nabana mgongo ukutani.

Saa 3. Ndani kabisa, kwenye ukuta wa zidaka. Naondoa vitu vya bibi, dawa za presha, tochi, chaja, ili plasta iliyochongwa ionekane. Mwanga ni mdogo, kamera inabaki wazi sekunde 8, na chochote kikisogea picha inaharibika. Picha ya kwanza imetikisika: mguu mmoja wa stendi uko juu ya mkeka. Nakunja mkeka, natazama pimamaji, nabonyeza rimoti, nabana pumzi. Ya pili, mjukuu kapita mbio. Pichani hayupo, umebaki ukungu wa kanzu. Ya tatu, sawa.

Saa 6 na robo. Adhana. Nafunga begi.

Saa 9. Kompyuta. Mteja anataka kuta nyeupe kama za hoteli. Kivuli sikigusi, zidaka bila kivuli ni matundu tu.

Saa 11. Nampelekea bibi aone. Anavaa miwani, anaikuza picha kwa kidole.

"Nzuri, mwanangu. Hapa zilikaa sahani za Kichina za mamangu, zikauzwa. Na wewe nawe umeniondolea hata dawa?"

Kesho saa 2 narudi. Chaja itakaa pale pale.